RRT (cheti cha Marekani cha tiba ya upumuaji), leseni ya Ghuba au cheti cha spirometria (kupima mapafu): kipi kimfae mhudumu wa afya wa Arusha na Moshi?

Mtu akisema anataka cheti cha tiba ya upumuaji, muulize kwanza: nani atakayekisoma? Hospitali ya Texas, mwajiri wa Riyadh na meneja wa kiwanda cha kukoboa kahawa pale Moshi wanatafuta karatasi tatu tofauti, na inayomridhisha mmoja haimwambii kitu mwingine. Pesa nyingi hupotea hapo. Muuguzi analipia kozi ya mtandaoni, anapata cheti chenye muhuri wa dhahabu, kisha anagundua hakuna ofisi duniani inayokiuliza.

Tanzania haina baraza la peke yake la wataalamu wa tiba ya upumuaji. Kazi ambayo Marekani hufanywa na mtu mmoja, hapa imegawanywa. Muuguzi wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) anafyonza makohozi, anaangalia oksimita na kupiga kelele mtungi wa oksijeni ukikaribia kuisha. Mtaalamu wa usingizi anaweka tyubu na kupanga mashine ya kupumulia. Mtaalamu wa fiziotherapia anamgeuza mgonjwa na kumsaidia kukohoa. Kupima mapafu kwa spirometa, mashine anayoipuliza mgonjwa, hufanywa na yeyote aliyefundishwa, na wakati mwingine na asiyefundishwa. Kwa hiyo kinachokuruhusu kumgusa mgonjwa Tanzania kinabaki kuwa leseni ya kada yako: muuguzi kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, daktari kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na wengine kwa mabaraza yao. Hakuna cheti kati ya hivi tunavyovilinganisha kinachochukua nafasi yake. Kama leseni yako imeisha muda, anza na hiyo.

Vitu vitatu huchanganywa sana: cheti cha kuhitimu chuo, cheti cha bodi baada ya mtihani, na leseni ya serikali. Marekani kila kimoja kina mwenyewe. CoARC inaidhinisha vyuo, NBRC inatahini, na jimbo linatoa leseni. Majimbo yote yanadai leseni isipokuwa Alaska.

RRT ya Marekani: nzuri, lakini mlango ni mmoja

NBRC inatoa ngazi mbili za msingi, CRT na RRT. Mtihani wa kwanza unaitwa TMC: maswali 160 ya kuchagua, 140 ndiyo yanayohesabiwa, saa 3. Una alama mbili za kuvuka. Ukifika ya chini unapata CRT. Ukifika ya juu unapata CRT pamoja na ruhusa ya kufanya mtihani wa pili, CSE, ambao ndio unaokupa RRT. CSE ni visa 22 vya wagonjwa, 20 vinahesabiwa, saa 4. Huo ndio unaowaangusha watu wenye kumbukumbu nzuri. Unapewa mgonjwa, unachagua taarifa unazozihitaji, kisha unaamua. Ukiomba kila kipimo kilichopo kwa kudhani unajihami, unapunguziwa pointi, kwa sababu mgonjwa anayekata pumzi hasubiri picha ya kifua.

Yote hayo yanasomeka kwenye vitabu. Kizuizi kiko kabla ya mtihani: ili uruhusiwe kukaa, kwa kawaida lazima uwe umehitimu programu ya tiba ya upumuaji iliyoidhinishwa na CoARC, angalau ya ngazi ya shahada ya Marekani ya miaka 2 (associate). Stashahada ya uuguzi, hata iwe na daraja la kwanza na miaka 10 ya ICU juu yake, haikupi kiti. Wauzaji wa vifurushi vya maandalizi ya TMC hawaanzi na habari hiyo.

Kwa hiyo RRT ni uamuzi wa kwenda kusoma, pamoja na ada, visa na maisha ya huko. Baadhi ya majimbo, California ikiwamo, hayatoi leseni mpya kwa CRT peke yake, yanataka RRT. Na cheti kinahitaji kudumishwa kila miaka 5.

Kuna kitu kingine ambacho mwanafunzi anayejisomea Arusha atakikuta haraka: vitabu hivyo vimeandikwa usawa wa bahari. Chukua hesabu ya oksijeni kwenye vifuko vya hewa. Kitabu kinaanza na shinikizo la hewa la mmHg 760, kinatoa 47 ya mvuke, kinazidisha kwa 0.21 (sehemu ya oksijeni hewani), kisha kinatoa kabonidayoksaidi ya 40 iliyogawanywa kwa 0.8. Jibu ni karibu 100. Mji wa Arusha uko takribani mita 1,400, na shinikizo lake liko karibu 640. Hesabu ileile inatoa 75 hivi. Moshi, iliyo chini zaidi, utapata karibu 85. Maana yake, mtu mzima mwenye afya aliyeketi Sakina, Arusha, anaweza kutoa PaO2 (shinikizo la oksijeni kwenye damu ya ateri) ambayo jedwali la kitabu linaiita upungufu wa oksijeni. Kwenye mtihani jibu kwa 760 isipokuwa swali limekupa shinikizo lingine. Wodini tumia namba ya mahali ulipo. Anayechanganya hizo mbili atafeli upande mmoja, na afadhali uwe wa mtihani.

Mitungi ya oksijeni nayo vivyo hivyo. Mtihani unahesabu kwa psi, kipimo cha Marekani cha shinikizo, na namba maalumu ya kila mtungi: 0.28 kwa mtungi mdogo wa E, 3.14 kwa mkubwa wa H. Mtungi wa H wenye psi 1,000, mgonjwa akitumia lita 10 kwa dakika, unadumu dakika 314. Kwenye geji ya bar, kipimo kingine cha shinikizo, unazidisha ujazo wa mtungi kwa bar. Mtungi wa lita 40 wenye bar 150 una lita 6,000. Toa bar 20 za akiba, zinabaki lita 5,200, yaani saa 8 na dakika 40 kwa lita 10 kwa dakika. Kosa linalojirudia ni kusoma geji huku mtungi umefungwa, sindano ikiwa imeganda kwenye namba ya jana.

Ghuba: njia ya wenye shahada tayari, au stashahada na uvumilivu

Saudi Arabia ina Tume ya Taaluma za Afya, SCFHS. Hatua zake ni za karatasi zaidi kuliko za darasani. Unafungua akaunti kwenye mfumo wao wa Mumaris Plus, vyeti vyako vinahakikiwa na kampuni ya DataFlow moja kwa moja kutoka chuoni na kwa waajiri, unafanya mtihani wa kompyuta kupitia Prometric, kisha unapangiwa daraja. Mwenye stashahada hupangwa fundi, mwenye shahada hupangwa mtaalamu, na mshahara hufuata daraja hilo.

Hapa ndipo muuguzi au mfiziotherapia anapotakiwa kujiuliza kwa makini. Ghuba wanapanga kwa jina la masomo yaliyoandikwa kwenye cheti. Ukisoma uuguzi utapangwa muuguzi, hata kama umekaa ICU miaka 6 ukipanga ventileta usiku kucha. Huo si msiba: muuguzi wa ICU ana soko lake. Lakini usilipe uhakiki wa faili la tiba ya upumuaji kama hakuna chuo kilichokupa cheti chenye jina hilo.

Kinachokwamisha zaidi ni barua pepe isiyojibiwa. DataFlow wanamwandikia msajili wa chuo, anwani iliyo kwenye fomu ni ya mtu aliyehama, wiki zinapita, uhakiki unarudi bila jibu na unalipia upya. Kabla ya kubofya kulipa, nenda chuoni mwenyewe au piga simu, upate anwani ya ofisi inayojibu kweli na jina la cheo, siyo la mtu. Majina ndiyo tatizo la pili. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu, pasipoti ina la ndoa. Tengeneza hati ya kiapo au hati ya kubadili jina mapema, kabla faili halijafunguliwa, maana kurekebisha katikati kunarudisha kila kitu nyuma.

Waajiri wengi pia huomba kadi za BLS na ACLS (mafunzo ya kuokoa maisha, ya msingi na ya juu) za Shirika la Moyo la Marekani, ambazo hudumu miaka 2. Usizifanye mapema mno, zitaisha ukiwa bado unasubiri visa.

Shahada ya India, kisha kurudi

India ina shahada za tiba ya upumuaji za miaka 4, mwaka wa mwisho ukiwa wa mazoezi hospitalini, na tangu 2021 ina sheria ya tume ya kitaifa inayosimamia kada shirikishi za afya. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita na masomo ya sayansi, hii ndiyo njia ya wazi ya kupata jina la taaluma lenyewe kwenye cheti, na inakufungulia Ghuba kwa daraja la mtaalamu. Kabla ya kuondoka pata barua ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ya kutokuwa na pingamizi, na ukirudi peleka shahada ikatambuliwe na TCU.

Ila ukirudi Moshi utakutana na lile la mwanzo: hakuna baraza lenye jina lako. Uliza kwa maandishi, kabla ya kulipa ada ya mwaka wa kwanza, baraza gani litakusajili na kwa kada ipi. Jibu la mdomo la rafiki wa mjomba halitoshi hapa.

Cheti cha spirometria: kidogo kwa jina, kikubwa kwa kazi

Kwa aliyekusudia kubaki kaskazini, hiki ndicho tunachokiweka juu. Sababu iko kwenye vumbi. Mirerani ipo umbali mfupi kutoka Arusha, na vumbi la silika la migodi ya tanzanaiti linaharibu mapafu bila kurudi nyuma. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, iliyoanza kama kituo cha kifua kikuu, imejikuta ikifanya kazi kubwa na wachimbaji hao. Ongeza viwanda vya kahawa Moshi, useremala, kokoto na saruji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya, na mahali penye vumbi kipimo cha mapafu ni sehemu yake. Anayejua kupima vizuri ana kazi bila kuvuka mpaka.

Vyeti vinavyoheshimika si vingi:

| Cheti | Kinachodaiwa | La kuzingatia |
|---|---|---|
| Leseni ya Ulaya ya spirometria (ESDL), Jumuiya ya Ulaya ya Upumuaji | Sehemu mbili: nadharia na misingi, kisha ushahidi wa kazi yako na tathmini | Inajulikana nchi nyingi |
| ARTP, chama cha wapimaji wa upumuaji cha Uingereza | Jalada la vipimo vyako, rekodi za uhakiki wa mashine, tathmini | Kuna ngazi ya kupima tu, ya kupima na kutafsiri, na ya kutafsiri tu. Usajili huhuishwa kila miaka 3 |
| Kozi iliyoidhinishwa na NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani | Kozi fupi yenye vitendo | Imelenga afya ya wafanyakazi. Hudumu miaka 5 |
| Mafunzo ya PATS, Jumuiya ya Magonjwa ya Kifua Afrika | Mafunzo na vitendo barani Afrika | Mifano yake ni ya mazingira yetu |

Ukihudumia viwanda na migodi, NIOSH inaeleweka upesi kwa kampuni zenye wakaguzi wa kigeni. Ukiwa kliniki ya pumu na COPD (ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa) hospitalini, ESDL ina uzito zaidi. ARTP ni kali na nzuri, lakini imejengwa juu ya mfumo wa Uingereza. Ukisikia PATS wanafundisha Nairobi au popote jirani, nenda bila kujiuliza mara mbili.

Chagua chenye jalada la vipimo, kwa sababu makosa ya spirometria yanajificha. Tazama siku moja ya kazi.

Asubuhi unahakiki mashine kwa bomba la lita 3. Unasukuma mara tatu kwa kasi tofauti: haraka chini ya nusu sekunde, wastani, na polepole kama sekunde 6. Kila mara mashine isome kati ya lita 2.91 na 3.09. Bomba lilale chumba kimoja na spirometa ili vyote viwe na joto moja. Lililoachwa kwenye gari juani halikwambii kitu.

Halafu joto. Pumzi inatoka mwilini na nyuzi 37, inapoa, inasinyaa, na mashine inaikuza tena kwa hesabu. Kwa mashine zisizo na kipima joto cha ndani, wewe ndiye unayeingiza joto la chumba. Mwezi wa saba, saa mbili asubuhi, chumba cha Arusha kinaweza kuwa na nyuzi 17. Ukiacha ile 25 iliyowekwa mwezi wa pili, unakosea karibu asilimia 4. Kwa mtu mwenye lita 3 hizo ni mililita 120, na bomba la uhakiki halitakuonyesha kosa hilo kwa sababu hewa yake haikutoka kwenye mapafu. Kipimajoto cha ukutani cha bei ndogo kinaokoa hapo.

Kisha mpangilio wa kabila kwenye mashine. Nyingi hutoka kiwandani zimewekwa kwa Wazungu, na Mmeru mwenye mapafu mazima anasomeka kama ana mapafu yaliyosinyaa. Siku hizi kuna kanuni ya 2022 ya GLI, mpango wa kimataifa wa viwango vya mapafu, isiyogawa watu kwa rangi. Utakayoichagua iandike kwenye ripoti, na usiibadili kati ya mwaka huu na ujao kwa mfanyakazi yuleyule, la sivyo utaona ugonjwa ulioletwa na menyu.

Mgonjwa mwenyewe: muulize kwanza kikohozi cha wiki mbili, damu kwenye makohozi, kutoka jasho usiku. Anayeshukiwa kifua kikuu anaenda kupimwa makohozi, spirometa inasubiri. Mshambulio wa moyo wa wiki hii, operesheni ya kifua au tumbo ya mwezi huu, ahirisha. Filta ni moja kwa mtu mmoja. Kuchemsha na kurudia ni kutafuta balaa.

Aketi wima, pua ibanwe, midomo izunguke kinywa cha bomba bila kuvuja. "Jaza, jaza, jaza... haya, puliza kwa nguvu! Endelea, endelea, endelea!" Sauti yako ni nusu ya kipimo. Anayeanza kwa kusitasita, anayekohoa ndani ya sekunde ya kwanza, anayeziba kwa ulimi, au anayeacha mapema kwa sababu amechoka, mchoro wake unatupwa. Unataka michoro mitatu inayokubalika, na tofauti ya mbili kubwa isizidi mililita 150, kwa FVC (pumzi yote iliyopulizwa kwa nguvu) na kwa FEV1 (ya sekunde ya kwanza) pia. Ukifika majaribio 8 simama. Ikihitajika dawa, ni mipulizo 4 ya salbutamol ya maikrogramu 100 kupitia spesa, mmoja mmoja, kisha kusubiri dakika 15 kamili. Dakika 5 za foleni ndefu zinamnyima mwenye pumu jina la ugonjwa wake.

Jalada linakagua hayo yote, na mkaguzi akiona michoro 10 ya mililita sawasawa kabisa anajua umenakili.

Na mashine ya kupumulia?

Anayependa ICU kuliko kliniki hana cheti kimoja cha hapa chenye uzito kama RRT, lakini ana kazi. Kozi fupi za uangalizi wa wagonjwa mahututi na saa za zamu zilizoandikwa na kusainiwa na bingwa wa usingizi ndizo zinazohesabika kwenye barua za maombi. Jipime kwa swali dogo: mwanamke wa sentimita 160 mwenye kilo 85, utampa pumzi ya ujazo gani? Uzito unaotumika ni wa urefu wake: 45.5 ukijumlisha 0.91 mara 7.6 (sentimita 160 ukitoa 152.4), yaani kilo 52.4. Kwa mililita 6 kwa kilo unapata karibu 315. Aliyetumia 85 amempa 510 na anayapasua mapafu taratibu huku kioo kikiwa hakina kengele. Kama ulijibu 510, weka pembeni fomu za Riyadh na Texas kwa miezi mitatu, tafuta futi kamba, uanze kupima urefu wa kila mgonjwa anayelazwa kwenye kitanda chako.